Jagi Nimelimaliza

Wanangu,

Choo cha ndani msiingie kwanza. Nimekisugua, lakini harufu bado inanicheka. ~~Jagi litupeni.~~ Jagi lisuuzwe kwa maji ya moto. Kaka mkubwa anifuate hospitali mchana baada ya kipimo cha kamera ya utumbo, nitakuwa na usingizi wa dawa.

Shangazi yenu alisifia vidonge vya kusafishia tumbo, kumbe navyo vinataka maji mpaka tumbo lipasuke. Jirani akasema, "Piga bomba tu, shoga." Daktari anasema bomba la nyuma halisafishi utumbo mpaka juu. Nikabaki na dawa ya unga: jagi zima la chumvi inayonata kama kamasi, na limau la uongo. Asubuhi nimetapika, nikaendelea, mpaka kilichotoka kikawa maji matupu. Kinyaa!

Baba yenu alimwagia dawa yake kwenye chungu cha ua barazani. "Mama watoto, utumbo wangu haupendi fujo." Kamera haikuona kitu kwa uchafu. Akaambiwa arudie, hakurudi. Ua lilikauka, naye akafuata.

Mmeshazika mzazi mmoja, inatosha. Nimekunywa mpaka tone la mwisho.

Ua jipya limwagilieni maji ya bomba. La uani, si la jirani.

Mama yenu