Ulikuwa Unalima Nini, Mama?

Mama yangu wa Muheto,

Kesho asubuhi nitasimama mbele ya waamuzi wa juri hapa Walikale kutetea mradi wangu wa utafiti. Ni yale mashindano ya wanafunzi wa sekondari niliyokuwa nikikuelezea ukiwa unapika, nawe unaitikia "ee, ee" bila kugeuka. Nimefika duru ya mwisho. Ninakuandikia kwa sababu kuna mazungumzo tuliyoyaacha katikati huko kambini Kashuga, na nataka ujue nimeyafikisha wapi.

Unakumbuka yalivyoanza. Prof, mwalimu wetu, alituambia kwamba kabla ya kuyapeleka maswali kwa watu, lazima uyajaribu kwa mtu wa karibu. Mimi nilitaka kuchunguza kwa nini wasichana wa kambini wanaacha shule. Nikarudi mchana na biki na karatasi, nikakukuta mbele ya nyumba yetu ya maturubai ya shitingi unachambua maharagi, Mama Riziki jirani yetu akiwa kando yako anamsuka mtoto wake. Nikakaa juu ya bidoni la maji. Nikakohoa kidogo, kama wanavyokohoa watu wa mashirika wanapokuja na maswali yao ya anketi, nikasema, "Mama, ni anketi. Munakulaka mara ngapi ku siku?"

Ukaweka sinia chini. Ukafuta mikono kwenye kitenge, ukailaza juu ya mapaja, ukainamisha macho. Sauti yako ikashuka, ikawa sauti ya mtu mwingine. "Mara moja, mwanangu. Siku ingine hata ile inakosekana."

Sufuria ya asubuhi ilikuwa bado kwenye mafiga, na nyingine ya jioni ndiyo uliyokuwa ukiichambulia.

"Mama, njo mimi, Neema!"

Ukanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Ee! Nilizania niko mbele ya bale ba anketi!"

Mama Riziki alicheka mpaka mtoto akamponyoka. "We Mama Neema, sufuria iko nakusikia!" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe madame, jetoni ya kupokelea chakula iko wapi? Kama hauna jetoni, usiulize bantu juu ya njaa."

Ulicheka pia. Ulifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. Sikuwa nimekuona ukicheka hivyo tangu tukimbie vita Muheto.

Lakini mimi sikucheka kwa muda mrefu, unanijua. Mambo yakiniingia hayatoki. Niliona kwamba hata mtoto wako wa tumbo, akishika biki na kusema neno "anketi", anageuka mtu wa kujibiwa kwa macho ya chini. Nikaacha habari ya wasichana na shule. Nikaandika mradi mpya: kwa nini watu waliokimbia vita hawasemi ukweli wanapoulizwa. Prof aliusoma akiwa amesimama. Akasema hajawahi kuona mwanafunzi akileta swali kama hilo.

Nikaja kukusomea, nikitafsiri kutoka Kifaransa mstari kwa mstari. Nilidhani utajivuna. Ulisikiliza mpaka mwisho, halafu ukauliza, "Na benye batasoma hii, njo bale benye kutuleteaka unga?"

"Pengine, Mama. Mradi wa mshindi unapewa mashirika."

"Basi watasoma ya kama tuko babongo, bantu ba kudanganya."

"Si hivyo. Nimeeleza sababu."

"Sababu hawataisoma. Watasoma ile neno, watakata unga. Na Mama Riziki atakula nini? Akili yako?"

Nilikasirika. Nilikuambia kwamba sayansi haiwezi kungoja watu washibe kwanza. Wewe hukupandisha sauti. Uliinua sinia lako, ukatoa jiwe moja katikati ya maharagi, ukasema kama unajisemea: "Bananiulizaka blanketi, bananiulizaka mara ngapi tunakula. Hakuna hata mumoja aliniuliza nilikuwa nalima nini. Ile ningejibia muzuri."

Sikuandika maneno hayo. Hayakuwa jibu la swali langu.

Mvua zikaja, homa ikakushika. Kituo cha afya kilikuwa kimejaa, ulilazwa kwenye mkeka kando ya mlango. Habari kwamba mradi wangu umechaguliwa nilikuletea hapo. Ulinishika kidole, ukasema, "Ni vizuri," na sikujua kama ulikuwa umekubali au ulikuwa umechoka. Asubuhi hukuwepo.

Siku chache baada ya kukuzika, alikuja kijana wa kuandika upya watu wa kambi. Alikuwa mpole. Aliniuliza, "Muko bangapi mu nyumba?" Wadogo zangu wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nilisikia mikono yangu ikijilaza yenyewe juu ya mapaja. Nilisikia sauti ikishuka. Nikasema, "Wanne."

Tulikuwa watatu, Mama.

Alikwenda, nami nikabaki nimekaa juu ya bidoni lile lile. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilisema hivyo kwa ajili ya unga, au kwa sababu mdomo wangu haukuweza kukutoa. Ni yote mawili, nadhani. Na katika mradi wangu mzuri, ule uliomsimamisha Prof, jibu langu lingeingia upande wa uongo na mambo yangeisha hapo. Hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba mama amekufa juzi.

Mjomba alitufuata, akatuleta hapa Walikale. Nyumba yake imepakana na msitu, na wadogo zangu sasa wanaujua kuliko mimi. Mimi nimekaa na zile karatasi. Nimezigeuza, Mama. Sitachunguza tena wanaojibu. Nitachunguza wanaouliza: maswali wanayotuletea, yale wasiyotuletea, na jinsi swali linavyomkalisha mtu kabla hajafungua mdomo. Ikiwa kuna neno litakaloumiza, litawaangukia wenye biki, na mimi nimo.

Nilimpigia Prof kumweleza. Akasema, "Neema, watu wa juri wenyewe bako watu wa anketi. Unataka kupoteza?" Anasema kweli. Washindani wenzangu wawili wa hapa wana mradi safi sana, juu ya mimea inayoota tena kwenye mashimo ya zamani ya madini kuelekea Bisie. Wana picha, wana ramani, na hakuna atakayechukia mimea. Nikishindwa, nitakosa pesa za mshindi, na sitakuwa na njia ya kurudi Kashuga kufanya utafiti huu, na sijui nani atafanya. Nimelipima hilo. Hata hivyo, kesho nitatetea huu.

Swali la kwanza kwenye karatasi yangu mpya ni lile lako: *Ulikuwa unalima nini?* Kanuni ya Prof ni ile ile, lazima nilijaribu kwa mtu wa karibu. Nimekutafuta wewe. Basi nitajibu kwa niaba yako, na unisahihishe nikikosea.

Ulikuwa unalima maharagi ya kupanda kwenye vijiti, mekundu na yale ya madoa, kwenye mteremko wa Muheto unaotazama jua la asubuhi. Juu, karibu na mikaratusi, ulikuwa na viazi, ukilalamika kwamba miti inakunywa maji yako. Mahindi uliyaweka pembeni ili ng'ombe wa watu wayakute hayo kwanza. Kabichi zilikuwa karibu na mlango. Ulikuwa ukipiga kelele kutoka juu kabisa, "Neema, leta jembe ingine!", na nilikuwa nikikusikia mpaka chini mtoni.

Hivyo ndivyo nitakavyojibu kesho wakiniuliza swali limetoka wapi. Kwa sauti hiyo ya juu ya kilima.

Lala salama, Mama, na sinia lako.

Mimi, mwanao wa kwanza