Hewa Ikigeuka Ansab

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Natoka msikitini alfajiri — upepo. Kidogo tu, shingoni. Nikasimama pale kona ya duka la mkate nikiungoja uje tena. Haukuja. Mchana hapa Ansab jua lile lile la Agosti, usukani wa gari haushikiki kwa moto. Lakini upepo nimeusikia.

Afra alipoondoka mwezi wa nane kwenda Cardiff kwa binti yetu Ghadeer — mjukuu wa kwanza, nani angemzuia — alisema pale mlangoni, mkoba begani: hewa ikigeuka tu, nipo. Basi tangu siku ile nnaichungulia hewa kama ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Nikampigia kumwambia. Alhamdulillah, akasema, halafu akaweka simu karibu na mtoto nimsikie anavyocheka. Sikusikia kitu. Nikasema mashallah.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimestaafu na bado naamka kama mtu mwenye mkutano. Leo nimekwenda kununua miche: nyanya, pilipili, rehani, na maua ya zambarau ambayo jina lake sikulishika. Kila mwaka Afra anachagua, mie nabeba. Muuzaji akaniuliza nataka nyanya za namna gani, nikageuka nyuma kumtafuta wa kumuuliza.

Nimepanda jioni. Udongo bado una moto ndani. Kucha zimejaa tope. Nimefurahi — sikutegemea, lakini nimefurahi. Nikanawa, nikapika kahawa, nikatia hiliki nyingi mno. Nimeinywa yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Enos kaja kuosha AC. Mkenya, anafanya kazi kwenye karakana moja mtaa wa Ghala, na nyumba hii anaijua chumba kwa chumba. Afra humwita kila mwaka msimu huu. Safari hii nimemwita mie.

"Mzee, hizi filta zimeziba kabisa," akasema juu ya ngazi. Halafu: "Na mama yuko wapi? Leo sijaskia sauti yake."

Nikamwambia kaenda kwa mtoto, Ulaya.

"Atarudi lini?"

"Hewa ikigeuka."

Akatazama dirishani. "Si imeanza kugeuka?"

Nikamletea kahawa na tende. Akakaa chini, mgongo ukutani, akanambia kwao Kitale saa hizi watu wanavuna mahindi. Mkewe anavuna na ndugu zake. Jana alimpigia, mke hakupokea; alikuwa shambani, simu kaiacha nyumbani. "Siku hizi hanihitaji kwa mavuno," akasema, na akacheka, na mie nikacheka. Baadaye alipokwisha kuondoka nikaona si jambo la kuchekesha sana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nimezima AC. Zote. Nikafungua madirisha, pazia likavimba mpaka katikati ya ukumbi. Kila mwaka ndiyo sikukuu yetu hii. Afra huzunguka na udi chumba hadi chumba, anasema nyumba inavuta pumzi. Nimefukiza udi mwenyewe. Nimeunguza kidole.

Kitu ambacho sikukifikiri: AC ilikuwa inaniziba masikio. Kiangazi chote nimeishi ndani ya mvumo ule nisisikie mtu. Sasa nawasikia jirani. Vijiko vyao. Baba anauliza nani kamaliza achari, watoto wote wanasema si mie. Wanacheka. Mie nnakula wali wa jana kwenye sufuria.

Sikufunga dirisha. Nilitaka, sikufunga.

Jumanne, 21 Oktoba

Ghadeer kaniletea picha kwenye simu. Afra bustanini, majani mekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu, kofia ya sufu juu ya mtandio, mdomo wazi anacheka. Nani kamchekesha?

Nimeitazama mara nyingi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Vitumbua. Afra huvipika hewa ikigeuka, tunavila kwenye paa. Nikasema nitapika mie. Mchele nimeuroweka tangu jana, tui la kopo, hamira kwa kukisia. Vya kwanza vikagandia chumani nikavikwangua kwa kijiko. Vya mwisho vikatoka vya mviringo, kahawia, vimevimba. Nikasimama jikoni nikala kimoja cha moto na macho yakanitoka machozi, kwa moto.

Alasiri kaja dada yangu Mahfoudha. Nimemtandikia mkeka juu, nikawasha seredani ya mkaa, chai ya tangawizi, vitumbua. Upepo mzuri kutoka upande wa bahari. Akala vitatu. "Vina chumvi," akasema, akachukua cha nne.

Halafu, bila kunitazama: "Sasa mpaka Februari utakuwa unakula nini?"

Nikamuuliza Februari kuna nini.

Akakiweka kitumbua chini. "Hajakwambia?"

"Nani?"

"Mie nilidhani kakwambia, Suud. Wallahi nilidhani." Afra kamwambia yeye tangu wiki mbili. Anakaa Cardiff mpaka karibu na Ramadhani.

Tukanywa chai. Mahfoudha akasifu nyanya zangu, nazo bado ni vijiti tu. Akanishika mkono ngazini, kitu ambacho hajakifanya tangu mazishi ya mama.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimempigia. Sikupandisha sauti. Yeye ndiye aliyeanza kulia, halafu akanyamaza.

"Nilikuwa nakutafutia maneno," akasema. "Kila nikipiga unanambia habari za upepo."

"Ghadeer anakuhitaji kiasi hicho?"

"Ghadeer hana shida. Mumewe Loai yupo, anamsaidia vizuri. Ni mie." Akanieleza. Asubuhi anatoka peke yake. Anapanda basi. Anashuka popote anapopenda. Kuna mkahawa, mwenye duka anajua anataka nini kabla hajasema. Majani yanaanguka na yeye anakaa pale anayatazama na hakuna anayemuuliza chakula kiko wapi. "Tangu nimeolewa sijapata kukaa hivi, Baba Ghadeer. Sikuwa najua kama nnapenda."

Nilikuwa na jawabu nyingi. Nikamuuliza kama basi lina joto ndani. Akasema lina.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemwagilia. Nimelala mchana. Hakuna jingine.

Jumatatu, 3 Novemba

Jioni jirani walikuwa na wageni. Nikafunga madirisha yote nikawasha AC, na nje hewa imepoa vile. Nikakaa ukumbini na shuka begani, natetemeka katika nyumba yangu. Nikajiona. Nikazima.

Nikampigia Enos, nikasema kuna AC inalia. Hakuna iliyokuwa inalia. Alikuja na begi la vifaa, akasikiliza, akanitazama, akaliweka begi chini. "Mzee, tuchome mahindi?" Tukachoma mahindi kwenye paa, tukapaka ndimu na pilipili. Alinambia likizo yake ni Disemba, na anaogopa kidogo kwenda. Kwa nini, nikauliza. Akageuza hindi lake. "Nitakuwa mgeni, mzee. Watanipa kiti kizuri."

Ijumaa, 7 Novemba

Leo ndiyo leo. Mbingu safi, milima ya upande wa Bawshar inaonekana kila mkunjo. Nimetoa blanketi jembamba kabatini nikalianika. Baada ya sala ya Ijumaa nimepanda juu na mto na kitabu, nikasinzia, nikaamka, hakuna jasho. Nikakaa nikaona raha ya peke yangu kabisa, isiyomngoja mtu. Saa nzima pengine. Nikafikiri: kumbe ndiyo hivi anavyokaa yule.

Na hapo hapo akapiga, kwa video. Akataka nimuoneshe. Nikaizungusha simu: mkeka, milima, nguo za jirani kwenye kamba. Akatazama. Nyuma yake dirisha lina mvua.

"Imegeuka kweli," akasema.

"Imegeuka."

"Niliahidi."

Nikaigeuza simu inione mie.

"Suud. Ukinambia nirudi, nnarudi. Wiki hii hii. Sitakasirika. Lakini nambie wewe, kwa mdomo wako."

Tangu Agosti nnalingojea neno lile. Jawabu langu, rudi, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamuona kwenye basi, pua karibu na kioo, anachagua pa kushuka.

Nikasema, ngoja, nimeacha jiko. Nikaegemeza simu kwenye mto, nikateremka. Hakuna jiko lililowaka. Daftari hili lilikuwa juu ya friji, nikalichukua, na sasa nimekaa kwenye ngazi, katikati, naandika kwenye goti, nimwambie rudi au kaa, sijachagua. Mlango wa juu uko wazi. Nnamsikia. Hajakata. Mtoto kaamka kule, anambembeleza, anamwimbia kwa sauti ya chini, anaacha, anasikiliza kama nimerudi, anaanza tena.