Supu Aliyoisifu Mwalimu

4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Magoti yanakupa nafasi? Sisi tumefika salama. Mkweo anakusalimu, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, na bado anawapigia mafundi kelele kutoka kitandani kana kwamba barabara wanayoijenga yote ni yake. Simu hapa kambini haishiki hata ukipanda juu ya greda. Barua zitakuja na kurudi na dereva wa lori la saruji.

Asante kwa kukubali kunishikia mgahawa wangu wa sebuleni. Najua umeishi na muuza nyama miaka thelathini, na kukuambia upike dengu na maboga tu ni kama kumwambia fundi ashone bila uzi. Nakuomba jambo moja: maandishi ya juu ya mlango yaheshimiwe. Viatu nje, nyama nje. Mengine fanya upendavyo.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yakinikumbuka yananiuma, yakinisahau natembea. Mpe pole mkwe wangu.

Wiki ya kwanza nilikaa peke yangu na yule paka wako, Mkaguzi, akinitazama kutoka juu ya kabati kama mtu aliyenikuta nimeingia nyumba si yangu. Viti kumi na moja, hakuna viwili vinavyofanana, na vyote vitupu. Fundi saa alionja supu akasema, "Mama, haya ni maji yaliyopita karibu na dengu." Nilicheka, lakini ilinichoma.

Sasa mambo yamegeuka! Sebule inajaa mpaka watu wanakalia sanduku la cherehani. Yule Mwalimu mstaafu wa meza ya dirishani, ambaye hajagusa nyama miaka ishirini, anakuja kila siku. Anajipakulia mwenyewe, anarudia, anafuta bakuli kwa mkate. Anasema hajawahi kula dengu zenye roho namna hii.

Mama yako

8 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na barua yako imetufanya wazima zaidi. Niliisoma kwa sauti, mume wangu akapiga makofi hapo hapo kitandani. Miaka miwili nimehangaika na supu ile, wewe umeiweza kwa wiki mbili! Umetia nini? Niambie, nami nijifunze.

Mwanao mwenye furaha

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi mnaendelea vizuri.

Supu ni moto mdogo na subira. Mkono wa mama haufundishwi kwa barua. Mpe mkwe wangu uji mzito, mfupa upate kuunga.

Mama yako

3 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Alhamisi nilikuja. Lori lilikuwa na nafasi, nikasema nikushtukize. Ulikuwa umekwenda sokoni. Mwalimu aliponiona alisimama, akanipakulia kwa mkono wake. "Keti," akasema, "leo mama yako amejishinda."

Kijiko cha kwanza tu, Mama. Ulimi ulijua kabla yangu. Nikaingia jikoni, nikapitisha mwiko ndani ya sufuria mpaka chini. Kitambaa cheupe, uzi, mafundo mawili, ndani mifupa ya ng'ombe. Ulikifunga vizuri, hata chembe isielee.

Nilirudi mezani. Mwalimu alikuwa anafuta bakuli. "Vipi, si tamu?" akaniuliza. Nikasema, "Tamu." Umenifanya niongope ndani ya nyumba yangu, mbele ya mtu aliyeniamini. Nilitoka kabla hujarudi kwa sababu sikujua ningekuamkia kwa uso gani.

Nilipokuwa na miaka tisa, nilipokataa nyama, ulinilisha mwezi mzima ukiniambia ni uyoga. Baba ndiye aliyenipasulia ukweli, huku anacheka. Nilikusamehe, nilikuwa mtoto, uliogopa nitakonda. Safari hii ulimwogopea nani?

Mwambie Mwalimu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwili hauna neno.

Sikatai, mifupa niliitia. Niliona utarudi na mume mgonjwa, ukute viti vitupu na paka. Moyo ulinishinda. Nilijiambia mfupa si nyama, na mchuzi si mfupa. Sebule ikijaa vicheko, nilijiona nimekufaa.

Lakini kumwambia Mwalimu, hapana. Mzee wa watu anakula kwa raha, na asiyejua hana kosa. Ukimwambia, wewe ndiye utakayekuwa umemuumiza, si mimi.

Mama yako

16 Julai

Mwanangu,

Sijui kama utaifungua barua hii. Hujambo? Mguu wa mkwe wangu je?

Mwezi umepita hujajibu, na nimeyarudia maneno yangu ya mwisho mpaka nimeyaonea aibu. Jumatatu niliketi mbele ya Mwalimu, nikamwambia yote kabla hajashika kijiko.

Alisogeza bakuli pembeni. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu Machi."

Akahesabu kwa vidole, kama anayetafuta siku fulani. "Mimi na marehemu mke wangu tuliapa siku moja kuacha nyama," akasema. "Alipoondoka, hicho ndicho pekee tulichokuwa bado tunakifanya pamoja."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliosha bakuli ambalo hakulitumia, akalifuta, akalirudisha rafuni, akavaa viatu vyake. Hajarudi. Nami nimefunga mlango.

Jana dereva wa lori alikuja mikono mitupu tena. Nikamuuliza, "Umemwona mwanangu? Mzima?" Akasema mzima, na mumewe ameanza kutembea kwa magongo.

"Hajakupa hata salamu?"

Akatazama chini. "Nilimuuliza, Mama. Nilimuuliza mara mbili."

Mama yako