Usimwingize mnunuzi wa viti ndani

Mama Elie, mbona hushiki simu?

Ukiuza kitu chako, mnunuzi asiingie ndani! Kitoe nje, majirani waone.

Mimi nimemwingiza mmoja sasa hivi. Alikuja kuona vile viti vinne, si unajua hakuna mgeni wa kuvikalia. Macho yake yakawa kwenye pazia la chumbani. "Mama, unaishi peke yako?" Jamani, peke yako!

Nikasema bwana yangu amelala. Nikaita kwa nguvu, "Baba Reine! Amka, kuna mgeni!"

Reine akatupa ndoo uani, akaingia mbio. "Mama, baba amerudi kutoka Goma?"

Yule mtu akacheka. Eti viti atavifuata kesho.

Nimevisukuma vyote kuziba mlango. Reine bado anafunua pazia, anamtafuta babake kitandani.