Ngozi ya Ng'ombe wa Watu

Chuoni, kusini mwa Marekani
Mwezi wa nne

Baba yangu Tluway,

Shikamoo. Na Mama, hapo alipo karibu na moto, shikamoo. Kabla sijasema langu nataka kusikia lenu: kifua chako kinaendeleaje na baridi ya asubuhi? Tembo wa msituni wameshuka tena kwenye mahindi? Mimi mzima kabisa, nakula, nalala, nafanya kazi. Nawe Bura mdogo wangu, unayemsomea Baba barua hii, soma polepole, wala usiruke mahali ninapojisifu. Nakujua!

Chakula cha huku nimekizoea. Asubuhi wanapika uji mzito wa mahindi meupe, wanautia siagi. Nikifumba macho najiona jikoni kwa Mama. Mjini hali bado ni ile ile. Juzi nilikwenda kununua viatu, mwenye duka mweupe akanikataza kuvijaribu, eti mguu wangu mweusi utavichafua, nilipe tu nivichukue. Nikamwachia viatu vyake. Lakini hapa chuoni, Baba, walimu ni weusi, daktari mweusi, mkuu wa chuo mweusi. Siku za kwanza nilikuwa nawatazama tu mdomo wazi.

Sasa nisikilizeni. Fedha za serikali huishia kwenye vyuo vya weupe, kwetu hufika makombo. Kwa hiyo kuna ofisi ambayo kazi yake ni kuwaandikia wafadhili wa mbali, kuwaomba, kisha kuwaeleza walichotoa kimefanya nini. Mkuu wake anaitwa Bi Lavinia, mama mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa huruma. Yeye husema kuomba si kazi, kazi ni kukitunza ulichopewa. Nilipomsikia nikajua tutapatana.

Wafadhili fulani wa kaskazini walikikabidhi chuo kundi la ng'ombe wa maziwa kulitunza, ng'ombe wakibaki mali yao. Sisi wanafunzi tusio na kitu tunakamua na kusafisha zizi, na jasho letu ndilo karo yetu. Sasa msaada ule ulikuwa unafikia mwisho, na wageni kutoka kwa wafadhili hao walikuwa waje kukagua ndipo waamue kama wauendeleze. Wakikataa, zizi linafungwa, mimi na wenzangu tunarudi makwetu mikono mitupu.

Basi, wageni wakiwa karibu kuja, ng'ombe mmoja, tena yule mwenye maziwa kuliko wote, akavunja uzio, akala majani mabichi yenye umande, akavimba tumbo. Nilipofika asubuhi alikuwa amekwisha. Unajua nilifanya nini, Baba? Sikufikiri hata kidogo. Nilinoa kisu nikamchuna, nikaiacha ngozi pamoja na sikio lake lenye kibati cha alama ya wenyewe, nikaitia chumvi, nikaiwamba kwenye ukuta wa zizi. Wenzangu walinicheka mpaka wakashika mbavu. "Unajishonea koti?" Nikawaambia ng'ombe huyu si wetu. Hawakunielewa.

Mhasibu wa chuo, Bwana Percy, akaja jasho likimtiririka. Akasema tuazime ng'ombe kwa jirani, madoa yao ni yale yale, nani atajua? Usimlaumu upesi, Baba. Alinieleza kwa uchungu: "Chuo cha weupe kikifiwa na ng'ombe, ni bahati mbaya. Chetu kikifiwa, watasema watu weusi hawawezi kutunza kitu." Na kweli ndivyo wanavyosema. Lakini nikamjibu: "Mzee wangu, nisamehe, hilo siliwezi. Kwetu ng'ombe wa mtu akifia mikononi mwako, unampelekea ngozi. Usipoipeleka, umemla."

Kumbe Bi Lavinia alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama ile ngozi, akasema, "Babu yangu alilima shamba la mtu mwingine maisha yake yote, akafa akiitwa mwizi wa pamba ambayo hakuiiba. Percy, hatuazimi ng'ombe. Kijana, usiiondoe."

Wageni walipofika, Bi Lavinia hakuwazungusha. Aliwaleta moja kwa moja zizini, akawaambia mmoja amekufa na ngozi yake ile pale. Lo! Mmoja akaziba pua kwa leso. Mzee wao akaisogelea, akashika lile sikio, akasoma kibati. Akaniuliza kilichomuua, nami nikamweleza bila kuficha, nikamwonyesha uzio tulioujenga upya kwa mikono yetu. Wakapanda gari wakaenda zao. Siku zile za kungoja jibu, Baba, kila asubuhi niliukagua ule uzio.

Jibu limekuja wiki hii. Mkuu wa chuo alitukusanya sote kanisani, akalisoma kwa sauti: msaada unaendelea, na kundi linaongezwa. Yule mzee ameandika kwamba kila aendako huonyeshwa vilivyo hai tu, basi waliomwonyesha kilichokufa atawaamini na kilicho hai. Bwana Percy alilia hadharani, nami nikamsaidia kulia.

Nisalimieni shangazi aliyeuza mbuzi wake nipate nauli, mwalimu wangu wa shule ya misheni, Mzee Athumani wa dukani Karatu anayetupokelea barua, na yule rafiki yako Mmasai wa Malambo, uliyempelekea ngozi ya ng'ombe wake nikikutazama. Mama asihangaike, koti ninalo.

Nimebakiza moja. Baada ya kusoma, mkuu wa chuo alinisimamisha mbele ya watu wote, akaniuliza ni mwalimu gani aliyenifundisha jambo lile. Nikasema, "Ni Baba yangu, Tluway, mkulima wa Buger." Akataka watu walitamke jina lako. Wee! Ndimi zikateguka, kanisa zima likacheka, nami nikacheka. Kisha wakasimama wote, wakapiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Nilitaka kuinamisha kichwa, nikakumbuka kwamba hawakuwa wakinipigia mimi. Baba, walisimama kwa heshima yako.

Mwanao,
Lohay