Tausi wa Jicho la Kifungo

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la Mama Mdogo, uliyekwenda kumuuguza, limeanza kumtii. Sisi huku hatujambo. Nyumba ipo, ila chumba chako kimetumika bila ruhusa, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kuna chuo kikuu cha ufundi kilitangaza nafasi mbili kwenye maabara ya pampu za maji: moja ya mwanafunzi wa uzamivu, nyingine ya mtafiti ambaye tayari ana udaktari wake. Dada aliomba hiyo ya pili, kwa siri. Mimi niliomba ya kwanza, kwa siri pia. Ndivyo tulivyo wanao: jambo halisemwi mpaka liive, tusije tukaulizwa kila asubuhi limefikia wapi.

Usaili ulikuwa wa kwenye kompyuta. Mtandao unashika chumbani kwako tu, na ukuta wako una ule ufa, kwa hiyo kila mtu kwa wakati wake aliuficha kwa kukaa mbele ya lile pazia lenye picha ya tausi tunalokutania kila siku. Dada alikaa asubuhi, mimi nikiwa karakana. Mimi nikakaa mchana, yeye akiwa kazini.

Ndiyo kwanza nimeanza kueleza jinsi beringi ya pampu inavyolalamika kabla haijafa, profesa, mama mmoja mwenye miwani machoni na mingine kichwani, akanikatiza. Akaniuliza kama jicho la yule tausi nyuma yangu ni kifungo cha koti. Nikasema ndiyo, mama yangu alikishona pale pasi ilipounguza. Akasema basi tausi huyo wameshaonana naye asubuhi. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua papo hapo kuwa Dada naye ameomba. Tangazo lilisema wazi kwamba ndugu wanaoomba maabara moja wajitaje mapema, la sivyo wote wawili wanaweza kuondolewa. Na mkataba wa Dada unaisha mwezi huu, na watoto wake mapacha bado wadogo. Mimi nina karakana, na pampu mbovu hazijapungua duniani.

Dada aliporudi nilimweleza. Alikalia ndoo, akasema lile pazia alitaka kulitupa tangu zamani.

Sasa nikwambie nililomficha hata yeye. Kesho yake nilimwandikia profesa anifute mimi, Dada ambakize. Jana akanipigia simu. Alisema ana maombi mawili mezani, langu na la Dada, kila mmoja anataka afutwe yeye. Akasema watu wa kusukumana kuingia amewazoea, ila wanaosukumana kutoka hajui awaweke wapi, kwa hiyo ametuchukua wote. Undugu wetu umeandikwa, na mimi nitasimamiwa na mwenzake, si Dada. Dada aliposikia aliniita mpumbavu, akalia, kisha akaniagiza nikiwa kazini nimwite Daktari. Nimekubali. Nyumbani atabaki Dada, na zamu ya vyombo ni yake.

Leo nimelala mchana kweupe kama mtu aliyetua gunia.

Mpe pole Mama Mdogo, na goti lake pia. Pazia limefuliwa, na Dada mwenyewe ndiye aliyelitundika tena. Nilimkuta amesimama kwenye kiti chako, anakaza kile kifungo.

Ni mimi mwanao, mtiifu kwa kadiri,
Kitindamimba