Sijda Ndefu ya Kiwalani

Mama Hamisi mwenzangu,

Huku Kiwalani kwa dada joto halilali, na ndege zikipita juu ya bati hata chai inatetemeka kikombeni. Nimechoka. Daktari kanionyesha picha ya mgongo wangu: kati ya pingili mbili za kiuno kuna kitu laini kama mto, diski wanaiita, kimechomoza na kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kaniambia nisiiname, hata swala niswali kwenye kiti.

Mie nikaona kiti ni cha wazee. Jana adhuhuri nikasimama safuni na vijana. Nikaenda sijda, kiuno kikakaza. Imamu akainuka, watu wote wakainuka, mie paji la uso likabaki kwenye zulia mpaka wakatoa salamu.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti nyuma yangu akaniuliza, "Mwanangu, sijda ndefu hivyo, una haja gani kwa Mola?"

"Shikamoo mzee. Nataka kuinuka tu."

Akacheka mpaka akakohoa. Vijana wawili wakaninyanyua, naye akanivutia kiti ubavuni kwake.

Nimewakumbuka nyote, na zaidi mkono wako wa kunichua. Kile kiti chetu cha plastiki usikirudishe jikoni, kiweke kwenye mswala wangu. Na Hamisi mwambie azishike sura zake vizuri. Nikirudi, Magharibi atatusalisha yeye. Mie nitakuwa nyuma yake, nimekaa.

Wako, Baba Hamisi